Ihefu, Jina Lililohama

Mwezi wa Julai nilipokea ujumbe kutoka kwa mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni katibu wa timu ya mpira ya kijiji kimoja wilayani Mbarali. Aliandika: "Shikamoo Mwalimu. Tunaandika katiba ili klabu isajiliwe. Kifungu cha kwanza ni jina, na hapo ndipo tulipokwama. Jumamosi tuna mechi ya ligi ya wilaya. Njoo utazame mpira, kisha utusaidie." Nilicheka peke yangu. Miaka yote niliyofundisha Kiswahili katika shule za sekondari, siku za michezo nilikuwa nikipewa kushika daftari la matokeo, kwa kuwa ilijulikana kwamba sina jingine nilijualo. Lakini jina ni neno, na maneno ndiyo yaliyonilisha. Nikaenda.

Mbeya mjini Julai ni mwezi wa baridi, na niliondoka nimevaa koti zito. Basi lilipopita Uyole na Inyala likaanza kuteremka kuelekea Igurusi, na tulipofika Chimala koti lilikuwa limekwisha kuwa mzigo mapajani. Huko chini ndiko Usangu, uwanda wa mpunga. Niliiacha barabara kuu iendayo Iringa, nikashika njia ya Rujewa, na kutoka hapo pikipiki ikanipeleka upande wa Ubaruku, katikati ya majaruba yaliyokwisha kuvunwa.

Uwanja wenyewe ni kipande cha ardhi ngumu kando ya mashine ya kukoboa mpunga. Milingoti ya magoli ni mikaratusi isiyobanduliwa magome, nyavu hakuna, na mistari ilikuwa imechorwa kwa majivu ya pumba. Mpira ukitoka upande wa mashariki huangukia mferejini, na watoto wawili wamepewa kazi ya kuuopoa. Kipindi cha kwanza kilisimama mara moja kupisha kundi la ng'ombe. Hakuna aliyekasirika; mwamuzi alitazama saa yake, akangoja, akapuliza kipyenga upya.

Nilikaa juu ya gunia, nikatega masikio kuliko macho. Redioni, tangu zama za Radio Tanzania Dar es Salaam, tumezoeshwa mlinda mlango, mwamuzi na mshika kibendera. Pale pembeni ya mstari nilisikia golikipa, refa na laini, na beki aliitwa beki. Sikuona haja ya kusahihisha. Maneno hayo yalifika huku pamoja na mchezo wenyewe, kwa njia ya shule za misheni na za serikali, miaka mingi kabla BAKITA haijaundwa mwaka 1967. Hata neno mpira lilikuwa jina la mti na utomvu wake kabla halijawa jina la mchezo.

Yako pia maneno ambayo hayakukopwa popote. Refa alipoinua mkono kumzuia mshambuliaji wa jezi nyekundu, umati ulipiga kelele: "Ameotea!" Kuotea ni kazi ya mwindaji: hujificha penye kivuko cha mnyama na kungoja. Mshambuliaji anayejibanza nyuma ya mabeki akiungojea mpira anafanya vivyo hivyo. Aliyelitoa neno hilo porini akalileta uwanjani alikuwa na jicho la mshairi, na ndiyo maana "ofsaidi" haijaweza kulishinda. Baadaye winga mmoja, kijana mwembamba asiye na viatu, alimpiga beki chenga mbili mfululizo. Mama aliyekuwa akipepeta mchele karibu nami, bila kuyaondoa macho kwenye ungo wake, akasema, "Chenga hata mimi ninazo hapa." Waliosikia wakacheka hadi winga mwenyewe akageuka. Nimefundisha vitate na vitawe kwa miaka zaidi ya thelathini na sikuwahi kupata mfano unaokaa vizuri kama ule.

Mechi iliisha bila bao. Watangazaji wetu wa michezo wana desturi nzuri: mabao yakilingana husema sare, yasipokuwapo kabisa husema suluhu. Iliisha kwa suluhu, basi, wachezaji wakapeana mikono, nasi tukaenda chini ya mwembe kwa shughuli iliyonileta.

Timu ile kwa sasa inatumia jina la klabu moja kubwa ya Uingereza. Vijana walijipa jina hilo kwa sababu ya jezi walizozipata, na mzee mmoja alianza kuwasimanga kwa utumwa wa mawazo. Nilimwomba awahurumie. Simba ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1936, iliitwa Sunderland mpaka mwaka 1971, na hakuna anayesema leo kwamba si timu ya Watanzania. Jina la kuazima ni kama jezi ya mtumba, unalivaa wakati hujashona la kwako. Swali ni lini utashona.

Nyanda za Juu Kusini zina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1986 nilikuwa mwanachuo wa ualimu Iringa wakati Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa Rungwe, ilipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara katika msimu wake wa kwanza baada ya kupanda daraja. Tulikuwa tukibanana kwenye redio moja ya bwalo. Jina la timu ni nusu Kinyakyusa nusu Kiingereza, lakini mashabiki hawakuridhika nalo. Waliwaita wachezaji wao Banyambala, yaani wanaume. Wenzetu wasiojua Kinyakyusa walilitamka kila mtu kwa namna yake, na mwisho wa msimu nchi nzima ilikuwa imejifunza neno moja la Rungwe. Iringa nao wana Lipuli, jina la ngome ya Mtwa Mkwawa pale Kalenga, ile iliyotekwa na Wajerumani Oktoba 1894. Mwaka 2019 Lipuli ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho, mtangazaji aliyesema "Lipuli wanashambulia" alikuwa akilitamka jina la ngome ya vita, alijua asijue.

Katibu alisikiliza yote hayo kwa heshima, kisha akasema, "Mwalimu, sisi jina letu tulikuwa nalo. Liliondoka." Wote walijua anasema lipi.

Kabla ya kuwa timu, Ihefu ni kinamasi. Mito inayoteremka kutoka safu za Uporoto na Kipengere hukusanyika Usangu, maji hutuama Ihefu, kisha hupenya katika mlango mwembamba wa mwamba pale Ng'iriama na kuendelea kama Ruaha Mkuu hadi Mtera na Kidatu, kwenye mitambo ya umeme. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990 mto huo umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Wako waliolaumu mifugo, wako waliolaumu mifereji ya mpunga, na ubishi haujaisha. Kilichofuata ni kwamba wafugaji wengi waliondolewa Usangu kuanzia mwaka 2006, na mwaka 2008, kwa Tangazo la Serikali Na. 28, eneo hilo likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Yule mama wa ungo, ambaye hakuwa mjumbe wa kamati yoyote ila alikuwa ameketi pamoja nasi, alisema baba yake alikuwa akileta kambale kutoka Ihefu wamefungwa kwa ukindu. Mjukuu wake akiingia huko leo na ndoano atakamatwa.

Kwa hiyo kwa watu hawa Ihefu ilikwisha kuwa mahali pa kusimuliwa tu pale jina hilo lilipoanza kusikika tena, safari hii redioni. Timu ya Ihefu ilikuwa ikicheza katika uwanja wa Highland Estates, Ubaruku, kwenye shamba la mpunga lililojengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China, likawa la shirika la umma la NAFCO, kisha likauzwa kwa mwekezaji binafsi. Mwaka 2020 timu ilipanda Ligi Kuu, ikashuka msimu huohuo, ikarudi mwaka 2022. Tarehe 29 Novemba mwaka huo Yanga walikuja Ubaruku wakiwa na michezo 49 ya ligi bila kupoteza. Walitangulia kufunga. Wakaondoka wamefungwa 2-1. Oktoba 2023 walirudi, wakafungwa tena 2-1 palepale. Walioshuhudia wananisimulia kwamba siku ile ya kwanza watu walikaa juu ya matrekta na miti, na usiku Ubaruku haikulala. Mimi nililisikia nikiwa nyumbani Mbeya, na nilichokumbuka zaidi ni sauti ya mtangazaji akirudiarudia: Ihefu, Ihefu, Ihefu. Wasangu, Wahehe, Wabena, Wanyakyusa, Wasukuma waliokuja na ng'ombe, Wabaluchi wa Rujewa ambao wazee wao wanatajwa miongoni mwa walioanza kumwagilia mpunga bondeni: wote hao hawana lugha moja ya nyumbani, na siku ile walikuwa na jina moja.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 klabu ilihamishiwa Singida. Kabla ya msimu uliofuata ikabadilishwa jina, ikawa Singida Black Stars. Sina neno baya kwa watu wa Singida, ambao wamepokea timu kama mtu yeyote apokeavyo mgeni aliyeletwa mlangoni, na klabu ni mali inayoweza kuwa na mwenyewe. Lakini nimejiuliza mara nyingi kilichosafirishwa ni nini. Wachezaji walisafiri, na nafasi katika ligi ilisafiri. Jina lilisafiri miezi michache tu, kisha likatupwa njiani kama ganda la muwa.

Niliwaeleza kisa cha Wimbledon ya London. Mwaka 2002 wenye klabu waliporuhusiwa kuihamishia mji wa Milton Keynes, mashabiki walikataa kuifuata; wakaanzisha klabu yao, AFC Wimbledon, wakaanza upya katika madaraja ya chini huku wakifanya majaribio ya wachezaji kwenye uwanja wa wazi. Ile iliyohama ilikuja kubadilisha jina mwaka 2004. Waliobaki wakabaki na lao. "Basi," nikasema, "na ninyi chukueni Ihefu. Wenzenu wameliacha. Halina mtu."

Nilidhani nimemaliza kazi. Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Nahodha alisema hawawezi kuvaa jina lililoifunga Yanga mara mbili wakati wao wametoka suluhu na kijiji cha jirani. Mwingine akasema likipata sifa litauzwa tena, na safari hii watalia mara mbili. Heri libaki la kinamasi. Yule mzee wa utumwa wa mawazo, kwa mshangao wangu, akapendekeza waendelee na jina la Waingereza, maana hilo hakuna wa kuja Mbarali kulinunua. Hoja yake ilikuwa na nguvu kuliko nilivyopenda. Mama wa ungo ndiye aliyeuliza kama katiba inaweza kukataza.

Katibu akafungua daftari. Waliafikiana haraka kuliko nilivyotazamia: jina ni Ihefu, likifuatiwa na jina la kijiji, na kifungu cha pili kitalilinda. Katibu, aliyekuwa mzuri wa sarufi tangu kidato cha kwanza, akaandika na kusoma kwa sauti: "Jina la klabu haliuziki, halikodishiki wala halihamishiki nje ya wilaya." Watu wakapiga makofi. Mimi nikamwambia arekebishe. Kauli ya kutendeka, mwanangu, husema kwamba jambo haliwezekani. Hapa linawezekana, na wote tuliokaa chini ya mwembe huu tumeliona likitendeka. Katiba haina uwezo wa kusema jina halihamishiki. Ina uwezo wa kusema halitahamishwa, na akilihamisha mtu, apatikane wa kuulizwa.

Alinitazama kidogo kama alivyokuwa akinitazama darasani nikimkata alama. Kisha akapiga mstari juu ya maneno matatu, akaandika "halitauzwa, halitakodishwa wala halitahamishwa", na mama akauliza kama wataongeza "kamwe". Tukaongeza. Jua lilikuwa linazama upande wa Chimala na pikipiki ilikuwa imekwisha kuwashwa. Nikavaa koti langu.