Injini za Magari ya Safari

Mtu atokaye Bungoma kwenda Kitale kwa motokaa hupanda karibu njia nzima, hata kama macho yake hayaoni kilima kikubwa mbele yake. Bungoma iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Kitale karibu mita 1,900. Mlima Elgon humkalia upande wa kushoto, mashamba ya mahindi humzunguka, naye asipotazama vibao vya njiani aweza kudhani anakwenda tambarare. Injini haidanganyiki. Kazi yake ni kuchoma petroli kwa hewa, na hewa ya nchi za juu ni nyepesi. Injini ya kawaida ambayo Mombasa hutoa nguvu za farasi 100, hutoa karibu 87 ifikapo Bungoma, na karibu 83 ifikapo Kitale. Hakuna kitu kilichoharibika ndani yake. Imepunguziwa pumzi tu.

Kwa hiyo si ajabu kijana wa Kitale mwenye gari dogo, jepesi, la mbio, akitamani kuitoa injini ya lita 1.3 na kutia ya lita 2. Atamwendea fundi, fundi atamtajia bei, na fedha ya mavuno ya mwaka mzima yaweza kuishia hapo. Je, afanye au asifanye? Swali hili lilikwisha kuulizwa na watu wakubwa kuliko yeye, wenye viwanda na fedha nyingi, na majibu yao yaliandikwa katika matope na mavumbi ya Afrika Mashariki.

Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya motokaa yaliyoitwa Coronation Safari, kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari ya wakati huo hayakugawanywa kwa ukubwa wa injini bali kwa bei yake dukani, na hili lafaa kukumbukwa, kwa maana laonyesha kwamba waandalizi walitaka kujua ni gari lipi linalomfaa mkaazi wa nchi hizi, si ni gari lipi lenye kishindo. Gari lililopata makosa machache kuliko yote mwaka ule lilikuwa Volkswagen ya Alan Dix, yenye injini ndogo ya sentimita za ujazo 1,131, ipozwayo kwa upepo. Magari yenye nguvu maradufu yaliachwa nyuma. Volkswagen ilishinda tena mwaka 1954, na 1957, na 1962.

Kwa nini? Nguvu ikizidi, kila chombo kinachoipokea hulipa: klachi, sanduku la gia, shafti, difu na ekseli. Katika gari jepesi vyombo hivyo vimeundwa kwa kipimo cha injini ya kwanza. Fundi akitia injini kubwa, aonekana amebadili kitu kimoja, kumbe amebadili kumi. Rejeta iliyotosha haitoshi tena, na huko juu Kitale maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Springi za mbele hulemewa. Tena aliyepanda lazima ateremke: gari lirudipo Bungoma lina uzito zaidi na mwendo zaidi, na breki ni zile zile za zamani. Jambo hili la breki aghalabu husahauliwa na vijana, na ndilo liwezalo kuwaua.

Viwanda vilipoanza kuleta madereva wao kutoka Ulaya, vilikutana na hesabu hiyo hiyo. Kampuni ya Ford ilikuwa na gari jepesi liitwalo Escort. Mwaka 1970 ilijitayarisha kwa mashindano marefu kutoka London hadi Mexico. Ilikuwa na injini za kisasa, zenye nguvu na zenye valvu nyingi, lakini mafundi wake hawakuzitumia. Walichukua injini ya aina ya zamani, sahili, wakapanua silinda zake hadi lita 1.8 hivi, wakaiacha hivyo. Hannu Mikkola na Gunnar Palm wakashinda. Wawili hao hao walikuja Safari mwaka 1972 na Escort yenye injini ile ya kisasa ya valvu 16, wakashinda pia, wakawa wageni wa kwanza kuyashinda mashindano hayo. Mimi naona kwamba ushindi wa pili ulizaliwa na subira ya ule wa kwanza. Injini ilikuwa imekwisha kukomaa, na gari lililoibeba lilikuwa limekwisha kuimarishwa.

Kampuni ya Datsun nayo ilipita njia yake. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 1600 SSS, gari la familia lenye injini ya lita 1.6. Mwaka uliofuata walikuja na gari la mbio la viti viwili, Datsun 240Z, lenye silinda sita na lita 2.4. Wakashinda tena. Hapa mwenye kupenda injini kubwa atashangilia, na ana haki. Lakini asishangilie kabla ya kusoma habari za 1973. Mwaka huo Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliendesha 240Z, na Harry Källström wa Sweden aliendesha Datsun 1800 SSS, ambayo injini yake ilikuwa na lita 1.8 tu. Walikwenda maelfu ya kilomita, wakamaliza wakiwa na makosa sawasawa. Ikabidi waamuzi watazame ni nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata kosa lake la kwanza, na kwa sababu hiyo Mehta akapewa ushindi. Zile silinda mbili zilizozidi, na kile kiasi cha zaidi ya nusu lita, havikuleta hata alama moja.

Mwaka 1974 ulitoa hukumu kali zaidi. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, ambaye alikuwa amekwisha kushinda mwaka 1965 kwa Volvo, alichukua Mitsubishi Lancer yenye injini ya lita 1.6. Aliyefuata nyuma yake, Björn Waldegård, alikuwa ndani ya Porsche 911, gari la mbio lenye sifa duniani na injini iliyozidi ile kwa zaidi ya lita nzima. Joginder aliijua nchi. Alijua wapi pa kukimbia na wapi pa kulihurumia gari, na Lancer yake ilikuwa nyepesi kiasi cha kutolemewa na matope ya mvua za Pasaka. Mwaka 1976 alishinda tena kwa Lancer, na nafasi ya pili na ya tatu zikachukuliwa na Lancer vile vile.

Lancia Stratos ndiyo inayonisikitisha. Lilikuwa gari jepesi, chini ya kilo 1,000, nalo lilibeba nyuma ya viti injini ya Ferrari ya silinda sita. Liliipa kampuni yake ubingwa wa dunia miaka mitatu mfululizo, 1974 hadi 1976. Safari hawakuishinda nalo kamwe. Mwaka 1975 Stratos zilikuja za pili na za tatu, nyuma ya Peugeot 504, gari ambalo mwalimu au mfanyabiashara wa Bungoma angeweza kulitumia kila siku.

Datsun ilipata mahali pa katikati. Gari lake la 160J liliuzwa na injini ya lita 1.6, kwa mashindano lilitiwa ya lita 2, na gari zima likaimarishwa kwa kipimo hicho. Mwaka 1979 Mehta aliliendesha akaishinda Mercedes ya lita 5 ya Mikkola, na hakushindwa tena hadi baada ya 1982.

Kisha ikaja turbo, yaani kile chombo kinachosukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda. Kwacho ule upungufu wa pumzi wa nchi za juu ulipata dawa pasipo kuongeza ukubwa wa injini. Toyota Celica yenye turbo ilishinda Safari mwaka 1984, 1985 na 1986. Ilikuwa ikisukumwa na magurudumu mawili tu ya nyuma, na miongoni mwa iliowashinda walikuwamo wenye magari yasukumwayo na magurudumu yote manne.