Linux yarahisisha kuuliza ramani ya kumbukumbu

MISAFARA iliyotoka Bagamoyo katika karne ya 19 ilifika Tabora, na hapo njia iligawanyika: moja ilielekea Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda. Nchi nyingi zilizopitiwa zilikuwa na mtawala, mipaka na kodi ya njia iliyoitwa hongo. Kiongozi wa msafara hakuhitaji kusomewa orodha ya watemi wote. Alihitaji kujua nchi aliyoikanyaga ni ya nani, na kama ni pori lisilo na mwenyewe, ni ya nani ile inayofuata.

Swali la namna hiyo huulizwa pia ndani ya kompyuta. Kila programu inayoendeshwa hutengewa na kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, maeneo ya kumbukumbu yenye anwani ya mwanzo na ya mwisho. Kila eneo lina masharti yake: kusomwa, kuandikwa, au kutekelezwa kwa maagizo yaliyomo. Baadhi ya maeneo hutokana na faili.

Zana zinazochunguza programu iliyokwama au inayokwenda polepole hupata anwani tupu, na hulazimika kujua imo katika eneo gani. Kwa miaka mingi Linux ilitoa jibu kwa faili la maandishi liitwalo maps, lililomo katika saraka ya /proc. Faili hilo ni jepesi kwa binadamu kulisoma, lakini ni ghali kwa mashine. Kerneli hugeuza tarakimu kuwa maandishi, na zana huyageuza tena kuwa tarakimu, mstari kwa mstari, hata kama inatafuta eneo moja tu. Programu moja huweza kuwa na maelfu ya maeneo. Kikomo cha asili katika kerneli ni 65,530. Hivyo uchunguzi wenyewe huweza kula muda ambao mashine ingeutumia kuwahudumia watu.

Toleo la 6.11, lililotoka Septemba 2024, liliongeza amri ya PROCMAP_QUERY, iliyoandikwa na mhandisi Andrii Nakryiko. Zana hutaja anwani moja, na kerneli hurudisha maelezo ya eneo moja kwa tarakimu. Anwani isipokuwa katika eneo lolote, zana huweza kuomba eneo linalofuata. Huweza pia kuomba maeneo yatokanayo na faili pekee. Jina la faili hutolewa likiombwa tu. Aidha, kila ombi hutaja ukubwa wake, ili vipengele vipya viongezwe baadaye bila kuharibu programu za zamani.

Faili la maandishi halikuondolewa. Mwandishi wa zana hana budi kujaribu amri mpya kwanza, kisha kulirudia faili iwapo kerneli ni ya zamani. Hata hivyo, jibu ni la wakati wa kuulizwa: programu ikiendelea kufanya kazi, mipaka huweza kubadilika. Anayetaka ramani kamili isiyobadilika sharti aisimamishe programu kwanza.