Mkono wa Kulia, Mkono wa Kushoto: Historia ya Warushaji wa Mikono Miwili katika Kriketi

Katika mchezo wa kriketi, mrushaji ni mchezaji anayekimbia hatua kadhaa na kuutupa mpira, kwa mkono usiokunjuliwa kwenye kiwiko, kuelekea vijiti vitatu vinavyolindwa na mpigaji, na karibu warushaji wote walioingia katika kumbukumbu za mchezo huo walitumia mkono mmoja tu tangu utoto hadi kustaafu. Wachache walioweza kurusha kwa mkono wa kulia na kwa wa kushoto, wakibadilisha mkono kati ya mrusho mmoja na mwingine, hawakukatazwa na sheria wala hawakushindwa na maumbile; walichokosa kwa muda mrefu ni nahodha aliye tayari kuwaamini wakati mechi ingali wazi. Kwa hiyo ustadi huu hauna budi kutafutwa kwanza katika kriketi ya ridhaa, yaani ile inayochezwa na watu wasiolipwa, kwenye viwanja vya klabu, shule na mitaa, ambako mrushaji akikosea hapotezi riziki yake. Na ulipojitokeza katika mashindano ya mataifa, kwa miongo mingi ulijitokeza pale ambapo mshindi alikwisha kujulikana.

Thamani ya mkono wa pili inaonekana katika mwenendo wa mpira baada ya kudunda. Mrushaji wa spini ni yule asiyetegemea kasi bali mzunguko anaoutia mpira kwa vidole, na akitumia mkono wa kulia kwa namna iliyozoeleka zaidi, mpira wake ukishagusa ardhi hukata kutoka kushoto kwenda kulia kwa mtazamo wake yeye mwenyewe, hivyo humwingilia mpigaji anayetumia mkono wa kulia na kumkimbia mpigaji mashoto. Mrushaji wa spini wa mkono wa kushoto huleta kinyume chake kamili. Wapigaji walio wengi huogopa zaidi mpira unaowakimbia, kwa kuwa ukigusa ukingo wa gongo huelekea moja kwa moja kwa mdakaji aliyesimama nyuma ya vijiti au kwa wenzake walio kando yake, na mpigaji hutolewa bila ya vijiti vyake kuguswa. Mtu mwenye mikono yote miwili anaweza basi kumpa kila mpigaji mpira unaomkimbia, hata pale wapigaji wawili walio uwanjani, mmoja wa kulia na mwingine mashoto, wanapobadilishana nafasi kila baada ya mkimbio mmoja, yaani alama inayopatikana kwa kukimbia kutoka upande mmoja wa vijiti hadi mwingine.

Gharama yake ni kubwa, na inatokana na jinsi urushaji wenyewe ulivyobadilika. Sheria za kriketi ziliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1744, na wakati huo mpira ulirushwa kutoka chini, mkono ukipita kando ya paja. Ilipofika mwishoni mwa karne hiyo Tom Walker, wa klabu mashuhuri ya Hambledon katika kaunti ya Hampshire, alijaribu kuupitisha mkono pembeni akazuiwa, na mwaka 1822 katika uwanja wa Lord's jijini London mrushaji wa Kent, John Willes, alihukumiwa na mwamuzi kwa kosa hilohilo katika mechi dhidi ya klabu ya Marylebone, MCC, ambayo ndiyo mtunzaji wa sheria hadi leo. Masimulizi yanasema aliutupa mpira, akapanda farasi wake na kuondoka. Mwaka 1828 sheria iliruhusu mkono kufika usawa wa kiwiko, na mwaka 1835 usawa wa bega. Kisha mwaka 1862, katika uwanja wa The Oval, Edgar Willsher alikatizwa mara sita mfululizo kwa kuuinua mkono juu ya bega, wenzake wa kulipwa wakatoka uwanjani kwa hasira, na miaka miwili baadaye, mwaka 1864, mrushaji akaruhusiwa kuuinua mkono kwa kadiri apendavyo. Inafaa kukumbukwa kwamba Willsher alikuwa mashoto, kwa hiyo kesi iliyowafungulia njia warushaji wote wa dunia ilisababishwa na mkono wa kushoto.

Mabadiliko hayo yaliongeza kasi na mdundo, lakini yaliufanya mwili mzima kuwa mtumishi wa mkono mmoja. Mtu anayerusha kutoka chini hutegemea bega na kiganja, na kwa mazoezi ya wastani anaweza kukifundisha kiganja cha pili. Anayerusha kutoka juu hukimbia, huruka kidogo, hutua kwa mguu wa nyuma huku ubavu ukimwelekea mpigaji, hukaza mguu wa mbele, na hulizungusha bega kwa mfuatano ambao misuli huuzoea baada ya maelfu ya marudio. Kwa mkono wa pili mfuatano huo wote lazima ujengwe upya, kinyumenyume, kuanzia hatua ya kwanza ya mbio hadi kidole cha mwisho kuachia mpira. Mchezaji wa kulipwa alikuwa na kila sababu ya kuzitumia saa hizo kuunoa mkono mmoja uliokwisha kumpatia ajira, na hapana shaka kwamba makocha waliomshauri hivyo walimtakia mema.

Mchezaji wa ridhaa hakuwa na shinikizo hilo. Uingereza yenyewe iliwatenganisha waziwazi watu wa aina hizo mbili, kiasi cha kuwakutanisha katika mechi ya Waungwana dhidi ya Wachezaji wa kulipwa, iliyoanza mwaka 1806 na kukoma mwaka 1962, muda mfupi kabla ya tofauti hiyo kufutwa rasmi. Lakini chini ya waungwana wa Lord's kulikuwa na mamia ya timu za vijiji na klabu ambazo nahodha wake, jua likiwa kali na warushaji wake wawili wa kutumainiwa wakiwa wamechoka, alimkabidhi mpira yeyote aliyesema anaweza. Katika Asia Kusini nafasi hiyo ilikuwa pana zaidi, kwa kuwa watoto wa Karachi, Colombo au Mumbai walicheza vichochoroni kwa mpira wa tenisi, wakati mwingine ukiwa umezungushiwa utepe wa mafundi umeme ili uwe mzito kidogo, na mpira mwepesi wa namna hiyo hauumizi bega la mtoto anayejaribu mkono asiouzoea. Huko pia, kama ilivyo katika pwani ya Afrika Mashariki, mtoto mashoto hufundishwa tangu mdogo kula na kupokea kwa mkono wa kulia, na si ajabu kumkuta mtu mzima anayeandika kwa mkono mmoja na kutupa kwa mwingine. Malezi hayo, ambayo mara nyingi hulaumiwa kwa kumsumbua mtoto, yanaelekea kuwa yamesaidia kuiandaa mikono yote miwili.

Kutoka katika mazingira ya namna hiyo ustadi huu uliingia kwa mlango wa nyuma katika mechi za mataifa. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Hanif Mohammad, mpigaji mkuu wa Pakistan, katika uwanja wa Sabina Park mjini Kingston, Jamaika, mwaka 1958. Mechi hiyo ilikuwa ya testi, aina ndefu kuliko zote, inayochezwa kwa siku kadhaa, na Pakistan ilikuwa imeumizwa vibaya: Mahmood Hussain alichanika msuli baada ya mirusho mitano tu, Nasim-ul-Ghani akavunjika kidole gumba, na mzigo ukawaangukia Fazal Mahmood, aliyerusha zaidi ya ova 85, na Khan Mohammad, aliyerusha ova 54 na kutoa mikimbio 259 bila ya kumtoa mpigaji hata mmoja, ova ikiwa ni fungu la mirusho sita inayotoka upande mmoja wa uwanja. Garfield Sobers wa West Indies, kijana wa miaka 21, alikuwa akiikaribia rekodi ya mikimbio 364 iliyowekwa na Mwingereza Len Hutton mwaka 1938. Hanif, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga na ambaye wiki chache kabla alikaa na gongo mkononi kwa dakika 970 mjini Bridgetown, alipewa mpira, na Sobers alipofika ukingoni mwa rekodi akamwarifu mwamuzi kwamba sasa atatumia mkono wa kushoto. Sobers aliusukuma mpira, akakimbia, na kumaliza siku yake akiwa na mikimbio 365, huku West Indies ikifunga hesabu kwa mikimbio 790 na wapigaji watatu tu wakiwa wametolewa.

Tukio la pili linawagusa Wakenya moja kwa moja. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1996, siku chache baada ya kuishangaza dunia kwa kuifunga West Indies mjini Pune, Kenya ilikutana na Sri Lanka katika uwanja wa Asgiriya mjini Kandy, na Sri Lanka ikapata mikimbio 398, ambayo wakati huo ilikuwa rekodi ya mechi za siku moja. Aravinda de Silva peke yake alipata 145. Timu ya Kenya ilikuwa kwa sehemu kubwa ya watu wenye kazi nyingine, waliokuzwa na klabu za Nairobi zinazocheza mwishoni mwa juma, na ilijibu kwa ujasiri kupitia Steve Tikolo, aliyefika mikimbio 96. Ova ya mwisho ilipofika, hesabu ikiwa haiwezekani tena, Hashan Tillakaratne alirusha mipira mingine kwa mkono wa kulia na mingine kwa wa kushoto, na Kenya ikamaliza ikiwa na mikimbio 254. Wengi walilichukulia jambo hilo kama burudani, lakini kumwita Tillakaratne mchekeshaji ni kumdhulumu, kwani mtu hawezi kuuleta mpira mahali pake kwa mkono wa pili mbele ya halaiki ya watazamaji bila ya kuwa amefanya hivyo mara nyingi mahali ambapo hakuna aliyemtazama.

Sheria haikusimama njiani mwa yeyote kati yao. Katika toleo la mwaka 2017, Sheria ya 21 inamtaka mwamuzi amuulize mrushaji kama atatumia mkono wa kulia au wa kushoto, na kama atapita upande huu au ule wa vijiti, kisha amjulishe mpigaji; mrushaji akibadilisha bila ya kumwarifu mwamuzi, mrusho wake huwa batili na timu pinzani hupewa mkimbio mmoja. Akiarifu, anaweza kubadilisha hata mara sita katika ova moja. Besiboli ya Marekani, ambayo nayo imewahi kuwa na warushaji wa mikono miwili, akiwemo Pat Venditte aliyeingia ligi kuu mwaka 2015 akiwa na glavu ya kuvalika mkono wowote, imefunga zaidi: mrushaji hutangaza mkono wake kabla ya kuanza na kwa kawaida hubaki nao hadi mpigaji huyo amalize zamu yake.

Penye utata ni upande wa mpigaji. Mwezi Juni 2008, katika mechi ya siku moja dhidi ya New Zealand mjini Chester-le-Street, Kevin Pietersen wa Uingereza aligeuza mikono na miguu wakati mrushaji akiwa mbioni, akasimama kama mpigaji mashoto, na kuupeleka mpira nje ya mpaka mara mbili. MCC iliamua siku chache baadaye kwamba pigo hilo ni halali, kwa hoja kwamba lina hatari kubwa kwa mpigaji mwenyewe. Hoja hiyo haitoshi. Mrushaji anayebadili mkono naye hujitia hatarini, pengine zaidi, na bado analazimishwa kutangaza nia yake kwa sauti. Nahodha wake amekwisha kuwapanga wadakaji kwa kumfuata mpigaji wa mkono wa kulia, na mpigaji anapogeuka, ghafla wanajikuta wamesimama upande usio wao. Haki ingetaka ama wote wawili watangaze, ama wote wawili waachiliwe.

Kilichoutoa ustadi huu katika mechi zilizokwisha kuamuliwa ni kriketi ya ova 20, ambamo kila mrusho una bei na makocha hupanga nani amkabili nani kwa kuangalia mkono wa mpigaji. Nchini Australia Jemma Barsby alirusha kwa mikono yote miwili katika ligi ya wanawake akiwa na Brisbane Heat. Nchini India Akshay Karnewar wa Vidarbha, aliyeanza na mkono wa kulia kabla ya kujifunza wa kushoto, alirusha ova nne dhidi ya Manipur mwezi Novemba 2021 bila ya kutoa mkimbio hata mmoja, akiwatoa wapigaji wawili. Naye Kamindu Mendis, aliyesoma Richmond College mjini Galle, alionekana akibadilisha mikono katika Kombe la Dunia la vijana mwaka 2016, akaingia timu ya taifa ya Sri Lanka mwaka 2018, na Aprili 2025, akiichezea timu ya Sunrisers Hyderabad ya India katika uwanja wa Eden Gardens mjini Kolkata, alipewa ova moja wakati mechi ingali na joto lake. Kwa Angkrish Raghuvanshi, anayepiga kwa kulia, alitumia mkono wa kushoto. Kwa Venkatesh Iyer, aliye mashoto, alitumia wa kulia. Raghuvanshi akadakwa, na ova nzima ikatoa mikimbio minne.

Nahodha wake hakumrudishia mpira tena siku hiyo.