Waliokuja na Waliowapokea: Simulizi ya Washirazi Mbele ya Utafiti Mpya

Katika masimulizi ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki, ni machache yaliyozua ubishi kama yale ya kuja kwa Washirazi. Matatu kati yake ni mashuhuri zaidi. La kwanza ni muhtasari wa Kireno aliouchapisha João de Barros mwaka 1552. La pili ni tarikhi ya Kilwa kwa Kiarabu, ambayo nakala yake ilitolewa Unguja mwaka 1877 na sasa imehifadhiwa London. La tatu ni habari za Kilwa kwa Kiswahili zilizochapishwa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1907. Kiini cha kisa kinajulikana na wengi: jamaa ya kifalme inaondoka Shiraz, katika nchi ya Uajemi, inavuka bahari kwa vyombo, na yule afikaye Kilwa anakipata kisiwa kwa kutoa nguo.

Wanahistoria wamekisoma kisa hiki kwa njia mbili zinazopingana, na kila njia imekuwa na matokeo nje ya vyumba vya kusomea. Utafiti wa vinasaba uliotangazwa mwaka 2023 unalazimu kisomwe upya. Yafaa basi kutazama ni nini kilichosomwa, ni nini kilichorukwa, na lugha ya Kiswahili yenyewe inatoa ushahidi gani.

Wasomaji wa kwanza walikuwa wataalamu wa zama za ukoloni na wale waliowafuata karibu. Hao waliviona vyombo peke yake. James Kirkman, aliyeanza kuchimba magofu ya Gedi mwaka 1948, alikiita kitabu chake cha mwaka 1954 kwa jina la mji wa Kiarabu. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa na Manda, aliibadilisha njia ya safari. Katika makala yake ya mwaka 1965 alidai kuwa Washirazi wa Kilwa hawakutoka Uajemi moja kwa moja, bali walishuka kutoka pwani ya Banadir mnamo karne ya 12. Hata hivyo, kwake yeye pia chimbuko la miji lilikuwa ni wageni. Kazi ya wawili hawa katika kuchimba na kuhifadhi haina budi kuheshimiwa; lakini tafsiri yao iliacha fikira kwamba jiwe ni la mgeni na udongo ni wa mwenyeji.

Fikira hiyo haikubaki vitabuni. Serikali ya kikoloni nchini Kenya iliwagawa watu kuwa wenyeji na wasio wenyeji, ikawatoza kodi na kuwapa haki kwa kufuata mgawanyo huo. Ahmed Idha Salim, katika kitabu chake cha mwaka 1973 juu ya wasemaji wa Kiswahili wa pwani ya Kenya, ameeleza jinsi Waswahili walivyotaabika kati ya makundi hayo mawili. Kule Unguja na Pemba, jina la Shirazi liliingia katika siasa waziwazi, na chama cha Afro-Shirazi kilichoundwa mwaka 1957 kikayaunganisha majina mawili ambayo wasomi walikuwa wakiyatenganisha.

Baada ya uhuru likaja kundi la pili la wasomaji. Mark Horton alichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, katika miaka ya 1980. Chini ya misikiti ya mawe alikuta mingine midogo iliyojengwa kwa miti, na chini ya mji wa mawe akakuta kijiji cha karne ya 8 chenye vyungu vya kienyeji. Yaani mji haukushuka chomboni ukiwa tayari. Ulikua hapo hapo, hatua kwa hatua. Upande wa lugha, Derek Nurse na Thomas Spear walionyesha mwaka 1985 kuwa Kiswahili ni ndugu wa Kipokomo, Kimijikenda na Kingazija katika jamii ya lugha za Kisabaki, na kwamba maneno yake mengi ya Kiarabu yaliingia katika karne za baadaye, wakati lugha ilikwisha kukomaa. Kwa wasomaji hawa, kisa cha Washirazi kilikuwa zaidi ni hati ya ukoo: watu walijipatia asili ya mbali ili kuthibitisha uungwana wao na Uislamu wao.

Njia hii ilirekebisha kosa kubwa. Lakini nayo ilikuwa na gharama yake, kwani wazee waliosimulia juu ya vyombo walichukuliwa kana kwamba hawakuwa na kumbukumbu, ila tamaa ya cheo tu. Dalili ya hadhari ilijitokeza mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ilipogunduliwa hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000. Miongoni mwake zilikuwamo za Ali bin al-Hasan, ambaye wataalamu wengi humlinganisha na mwasisi anayetajwa katika tarikhi ya Kilwa. Chittick alikuwa amemweka mwishoni mwa karne ya 12. Sarafu hizi zilimrudisha hadi karne ya 11.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale. Wengi wao walizikwa katika miji ya pwani kama Manda, Faza, Mtwapa na Songo Mnara, na baadhi katika mji mmoja wa bara. Miongoni mwa watafiti alikuwamo mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba. Ilionekana kuwa wengi wa maiti wa pwani walikuwa na asili mbili. Ile ya Kiafrika, ambayo mara nyingi ilizidi nusu, ilitoka hasa kwa akina mama. Ile ya Asia ilitoka hasa kwa wanaume wa Uajemi, pamoja na sehemu ndogo ya Bara Hindi. Mchanganyiko huo ulianza mnamo mwaka 1000, na baada ya mwaka 1500 asili ya Arabuni ikazidi.

Matokeo haya yana mipaka. Makaburi yaliyochimbwa ni ya watu wa tabaka la juu, hivyo hayawezi kuwasemea wavuvi na wakulima wote wa pwani. Wala hayarudishi hoja ya wakoloni, kwa kuwa kijiji cha Shanga kilitangulia mchanganyiko huo kwa zaidi ya karne mbili. Zaidi ya hayo, mfupa hausemi lugha. Kinasaba chaweza kueleza baba alitoka wapi. Hakielezi mtoto aliitwaje, alilelewa na nani, wala aliota ndoto kwa maneno gani.

Hapo ndipo lugha inapotoa ushahidi wake. Kiajemi kimeacha maneno machache katika Kiswahili, na yanayofahamika zaidi ni ya bahari na biashara, kama vile bandari, nanga na pamba. Lakini mtu, moto, maji, kuzaa na kulima ni ya Kibantu. Hata nyumba, ijapokuwa imejengwa kwa mawe, inaitwa kwa neno la Kibantu. Mtoto akihesabu vidole vya mkono mmoja, moja hadi tano, hahitaji neno la mgeni hata moja. Wageni waliofika bila wake zao walipata watoto waliosema lugha ya mama zao. Kama wangalikuja na jamaa zao na kujitenga, huenda pwani ingalisema lugha nyingine.

Jambo la kushangaza ni kwamba masimulizi yenyewe yalikwisha kulieleza jambo hili. Katika maelezo ya de Barros, mwasisi wa Kilwa alidharauliwa na ndugu zake kwa kuwa mama yake alikuwa mjakazi wa Kihabeshi. Katika habari za Kiswahili alizozichapisha Velten, mgeni anamwoa binti wa Mrimba, mkuu wa kisiwa, na mtoto wa ndoa hiyo ndiye anayekabidhiwa madaraka na babu yake mzaa mama. Kwa hiyo utawala haukuja kwa vyombo peke yake. Ulipitia pia kwa mwanamke mwenyeji. Kundi la kwanza la wasomaji liliona vyombo likamsahau binti. Kundi la pili likaiona nchi ya binti, likavifanya vyombo kuwa ngano.

Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo ina watu wawili, na kisa cha Washirazi kadhalika. Anayeuliza leo kama Mswahili ni Mwafrika ama ni Mwajemi anauliza swali la karani wa kodi ya kikoloni, si swali la wazee wa Kilwa.

Kazi iliyobaki ni ya idara za lugha kuliko ya maabara. Masimulizi ya miji midogo, kutoka Siyu na Faza hadi Vumba, yanahitaji kukusanywa kwa lahaja zake na kulinganishwa neno kwa neno, hasa pale yanapotaja ndoa, wajomba na mahari ya nguo. Sehemu hizo ndizo wachapishaji na wafasiri walizozipitia upesi kuliko nyingine.