Malenga Ashika Kipaza Sauti

Katika hekaya za pwani hakuna kifungo kilichosimuliwa kama cha Fumo Liyongo. Yumo gerezani Pate, pingu mwilini, walinzi mlangoni. Anamtuma kijakazi, Saada, kwa mamaye na ujumbe uliofumbwa ndani ya beti: aoke mkate mzuri na mwingine wa wishwa, na ndani ya ule wa wishwa atie tupa. Walinzi wakaula mzuri, wa wishwa wakamtupia mfungwa. Ikabaki shida ya mlio wa tupa juu ya chuma. Hapo Liyongo akaomba apigiwe ngoma ya gungu. Watu wakapiga matuazi na ngoma, wakaitikia nyimbo alizowafunza mwenyewe, naye ndani akakereza minyororo mpaka ikakatika.

Liyongo aliishi karne gani, hilo tuwaachie wataalamu waendelee kuvutana. Ninachokitaka mimi katika hekaya hii ni mgao wa kazi. Mtunzi ndiye mwenye kutamka, na ala zipo kumtumikia, hata zikawa zinamfichia siri yake. Mgao huo ulipotea kwa muda mrefu katika muziki wa pwani, na umerudi juzijuzi tu. Sasa unausikia hata Shelly.

Shelly, kwa asiyeijua, ndio ufuo wa Likoni, mwendo mfupi wa tuktuk kutoka kivukoni. Jumapili jioni feri humwaga watu wa kisiwani na wa Changamwe, watoto wakakodi maboya ya matairi, mama wa viazi karai akapuliza makaa, na maji yakijaa sana hakuna pa kutandika leso kwa sababu mchanga wote umemezwa, imebaki miamba. Kila kikundi kina spika yake ndogo. Kati ya singeli na amapiano utasikia kitu kingine: sauti ya mtu anayesema tu, haimbi, anapanda na kushuka kwa vina, na mdundo mwembamba umelala chini yake. Vijana wanaouchezesha muziki huo huamini umetoka Nairobi, na Nairobi nayo imeupata Marekani.

Marekani wana historia yao, nayo si haba. The Last Poets walisimama mara ya kwanza mbele ya watu Harlem tarehe 19 Mei 1968, siku ya kuzaliwa ya Malcolm X, mashairi mdomoni na ngoma za mikono pembeni. Gil Scott-Heron akafuata. Kule London, mwana wa Jamaika, Linton Kwesi Johnson, alitoa mwaka 1978 albamu ya Dread Beat an' Blood, ambamo besi ya rege inatembea na mshairi anazungumza juu yake kwa utulivu wa kutisha. Ni kazi nzuri zote, na anayetaka kusikiliza asikilize. Ila Mombasa isihesabiwe kwamba ilikuwa imelala ikingoja meli ilete mashairi.

Muyaka bin Haji alikuwa akitunga hapa Mvita kabla ya Wamazrui, waliokuwa wakiutawala mji, kung'olewa na Sayyid Said mwaka 1837. Tungo nyingi za kabla yake zilizotufikia ni za dini na mawaidha. Yeye aliyaleta mashairi sokoni na barazani, akayatia siasa, mapenzi, njaa na kejeli. Alipiga vijembe Zanzibar, na Zanzibar wakamjibu. Beti zake zilibaki vifuani mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah akazikusanya na kuziandika pamoja na mmisionari W. E. Taylor, na diwani yenyewe haikuchapwa ila mwaka 1940. Maana yake ni kwamba kwa miongo mingi Muyaka aliishi kwa kughaniwa, kutoka kinywa hadi kinywa.

Kisha ikaja taarab, na kwa taarab mtunzi akasogea nyuma. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, jina lililosafiri lilikuwa la mwimbaji. Ndivyo biashara ya sahani ilivyotaka: sauti moja, jina moja, picha moja. Shairi likawa kama mpishi wa harusi, kila mtu ameshiba kazi yake na hakuna aliyemwona.

Mfano mkubwa wa jambo hili ni wa nyumbani. Ahmad Nassir Juma Bhalo, yule Malenga wa Mvita, alikuwa bingwa wa kalamu. Mashairi yake yalitafsiriwa na Lyndon Harries katika Poems from Kenya mwaka 1966, diwani ya Malenga wa Mvita ikatoka 1971, na Utenzi wa Mtu ni Utu mwaka 1979. Wanafunzi wa Kenya wamemsoma darasani vizazi na vizazi. Lakini nenda kwenye harusi yoyote ya Likoni ya miaka ya 1970, uliza watu wanasikiliza nini, utaambiwa wanamsikiliza Juma Bhalo. Huyu ni Mohamed Khamis, binamu yake Ahmad Nassir, mwimbaji ambaye watu walimpa cheo cha profesa bila chuo kikuu chochote kuhusika. Ahmad Nassir alimtungia nyimbo nyingi. Maneno ya binamu mmoja, koo la binamu mwingine, na mahadhi mara nyingi yameazimwa kutoka filamu za Kihindi. Juma Bhalo alifariki Aprili 2014, na sauti yake bado ni ile ambayo Mombasa ikiisikia hunyamaza.

Na alipokuwa akiimba hakulifunika neno. Taarab ya Mombasa haikuwa ile ya Zanzibar ya fidla kumi na mbili. Ilikuwa harmonia au udi, tashkota, ngoma mbili tatu, na mwimbaji mbele. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefanya maisha Mombasa, alipiga udi wake na kuuacha kimya kila beti ilipoanza. Zein na mshairi Ahmed Sheikh Nabhany walifukua tungo za kale, baadhi za karne ya 19, wakazirudisha kwenye muziki. Msikilizaji mgeni atadhani anasikia nyimbo za mapenzi. Mwenyeji anasikia maktaba.

Tushuke kwenye mashine yenyewe, tuone inavyofanya kazi. Shairi la kawaida la Kimvita lina mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita, nane na nane, kina kimoja katikati na kingine mwishoni. Mfano huu nimeutunga hapa hapa:

Mawimbi yapiga mwamba, pwani yote yatingika,
Mshairi akitamba, wapigaji huitika.

Hesabu kwa vidole. Nane, pumzi, nane. Sasa weka chini yake mdundo wa hip hop, ule wa mapigo manne. Kila pigo linabeba mizani nne, mshororo mzima unaingia kwenye duru moja bila kubanwa wala kulegea, na kina cha kati kinaangukia nusu ya duru, pale pale rapa anapotaka kuvuta pumzi. Hakuna aliyekaa kikao na kupanga hivyo. Ndiyo maana kijana wa Likoni asiyejua tofauti ya ukwapi na utao, ambaye shuleni alizichukia arudhi, akifungua kinywa juu ya mdundo hujikuta anaangukia kwenye mizani ya Muyaka. Sikio lake limelelewa na kaswida za madrasa, maulidi na taarab ya jirani. Masikio hayasomi silabasi.

Kipindi ambacho The Last Poets wanapiga ngoma Harlem, Mombasa ilikuwa na mshairi wake aliyekuwa karibu kunyamazishwa. Abdilatif Abdalla, nduguye Ahmad Nassir, aliandika kijikaratasi cha Kenya: Twendapi? mwishoni mwa 1968, akahukumiwa mwaka 1969 kifungo cha miaka mitatu kwa uchochezi. Hakuwa ametimiza hata miaka ishirini na mitano. Kamiti, peke yake selini, aliandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za msalani, na karatasi hizo ndizo zilizokuja kuwa Sauti ya Dhiki, iliyochapwa 1973. Mwaka uliofuata kitabu kikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi. Kejeli hiyo Muyaka angeipatia beti kumi.

Liyongo alikuwa na gungu nje ya gereza lake. Abdilatif hakuwa na matuazi wala mwitikio. Lakini soma Sauti ya Dhiki kwa sauti, si kwa macho, na utasikia kwamba kila shairi limeandikwa na mtu anayesikia mahadhi kichwani. Baadaye alifanya kazi Dar es Salaam, kisha Idhaa ya Kiswahili ya BBC London, kisha Leipzig alikofundisha. Akighani mbele ya watu, huhitaji kuambiwa ala ziko wapi.

Kilichowarudisha watunzi masikioni mwa umma ni kaseti. Watu wa umri wangu tunaidharau kaseti kwa sababu utepe ulikuwa ukitafunwa na redio tukaukunja kwa kalamu, lakini ilifanya jambo ambalo sahani haikuweza. Sahani ilihitaji kampuni, kama ile nembo ya Mzuri ya Assanand hapa Mombasa, na kampuni ilitaka wimbo wa dakika chache unaouzika. Kaseti ilihitaji redio na mtu mwenye la kusema. Katikati ya miaka ya 1970, Lamu ilipowaka moto wa uchaguzi, mashairi ya Kimwondo yalirekodiwa na kanda zake zikapigwa hadharani, kambi hii ikiitukana ile kwa vina safi. Mwaka 1974 Ustadh Mahmoud Mau wa Lamu alitunga Wasiya wa Mabanati, akiwaonya mabinti juu ya wanaume wenye maneno matamu, na utenzi huo ukazunguka kwenye kanda, umesomwa kwa mahadhi, bila hata ala moja. Watu walikaa majikoni wakausikiliza, na inasemekana wengine wakalia. Utenzi mtupu ulisikilizwa kama wimbo unaovuma.

Mji wa Kale, Mbwana Radio Service walikuwa wakirekodi taarab za harusi na kuziuza, na kanda zikavuka feri ndani ya mikoba ya akina mama hadi Likoni, Mtongwe, Ng'ombeni. Kuna jambo moja la kanda za harusi ambalo studio haina. Unasikia watu. Mwimbaji akifikia fumbo, ukumbi unalipuka kabla hajalimaliza, kwa sababu wamelielewa na wanajua limemlenga nani. Huo ndio ufundi wa kusikiliza mashairi, na haufunzwi na kitabu.

Wakati huo huo, ufuo wenyewe wa kusini ulikuwa na muziki mwingine. Hoteli zilitaka bendi, na bendi zilitaka wimbo ambao mgeni ataukariri kabla ya glasi kwisha. Them Mushrooms waliwapa Jambo Bwana, mwaka 1982, na dunia ikaukariri. Sina ugomvi na wimbo huo. Ila mahali ambapo msikilizaji hajui lugha, mshairi hana kazi. Baada ya ghasia za Agosti 1997, zilizoanza kwa kushambuliwa kituo cha polisi cha Likoni, wageni walikimbia na biashara ya utalii upande huu haikuwahi kusimama sawasawa. Hasara ilikuwa kubwa na walioipata ni wenyeji. Lakini Shelly ya leo ni ufuo wa watu wanaoelewa Kiswahili, na muziki unaopigwa hapo unawahusu wao.

Watoto wa kaseti walikua wakawa marapa. Ukoo Flani, kundi lililozaliwa Mombasa kabla ya kuungana na kundi la Mau Mau la Dandora, lilitoa vijana kama Cannibal na Sharama, na mwaka 2004 likawa sehemu ya albamu ya Kilio cha Haki. Wasikilize ukiwa umetoka kusoma Ahmad Nassir. Mafumbo ni yale yale, majigambo ni ya Liyongo mtupu, na kubwa zaidi, anayetamka ndiye aliyetunga. Huko hip hop haina msamaha: rapa anayeandikiwa hufichwa kama aibu ya ukoo. Taarab ilikuwa imeliona hilo jambo la kawaida kabisa.

Tanzania, Mrisho Mpoto amelipeleka mbele zaidi. Katika Nikipata Nauli haimbi hata kidogo, anasema, kwa sauti ya mtu anayemwandikia mjomba barua na hana uhakika kama itafika. Katika Sizonje aliyeletwa kuimba kiitikio ni Banana Zorro, mwimbaji mwenye jina lake. Tazama jinsi meza ilivyogeuka. Zamani mshairi alikuwa msaidizi wa mwimbaji. Hapa mwimbaji ameitwa amsaidie mshairi apumzike kidogo kati ya maneno. Kwangu mimi hilo ni badiliko kubwa kuliko ala zote za kielektroniki zilizoingia tangu harmonia.

Anayetaka kuanza kuusikiliza muziki huu asianze na wa leo. Aanze na Zein l'Abdin, albamu ya Mtindo wa Mombasa, asikilize udi unavyonyamaza. Kisha Juma Bhalo kwenye kanda ya harusi, si ya studio. Kisha Mpoto. Hip hop ya Mombasa aiweke mwisho, na kwa hiyo awe na subira, kwa sababu Kimvita cha mtaani kinakwenda mbio.

Na akipata wimbo, aulize nani aliutunga. Kanda za zamani nyingi zilimtaja mwimbaji na ukumbi tu. Mafaili yanayotumwa leo kwenye simu pale Shelly mara nyingi hayamtaji hata mwimbaji. Yameandikwa "taarab nzuri 3" au "shairi kali", na kijana mwenye spika anajibu kwamba ametumiwa na mwenzake wa Mtongwe. Baadhi ya maneno hayo ni ya Ahmad Nassir, na kijana huyo alijibu mtihani juu ya Ahmad Nassir mwaka wa mwisho wa sekondari.