Shekhar Mehta: aliondoka Uganda 1972, akashinda Safari Rally mara 5

Shekhar Mehta (1945-2006) alikuwa dereva wa mbio za magari mzaliwa wa Uganda, kutoka familia ya Kiasia ya wafanyabiashara wenye mashamba. Alishinda Safari Rally mara 5: mwaka 1973, kisha 1979, 1980, 1981 na 1982. Katika miaka yote ambayo mbio hizo zimehesabiwa kwenye ubingwa wa dunia, hakuna dereva mwingine aliyefikisha ushindi huo.

Kwa wafanyabiashara na wasafirishaji wanaozungumza Kiswahili kati ya kambi ya Dzaleka na jiji la Lilongwe, historia yake ina jambo la ziada. Mehta alilazimika kuanza upya katika nchi ya pili, na kazi aliyoanza kwa kujifurahisha ndiyo iliyombeba.

Mwanzo wa ridhaa

Mehta aliingia kwenye mbio katikati ya miaka ya 1960 akiwa na umri wa miaka 21 hivi, akiendesha BMW. Safari Rally ilikuwa imeanzishwa mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Haikukimbiwa kwenye uwanja uliofungwa. Ilipita barabara za kawaida za vumbi na tope, pamoja na malori, mabasi na ng'ombe wa wafugaji.

Mwaka 1971 alimaliza wa pili kwa Datsun 240Z, nyuma ya Edgar Herrmann aliyeendesha gari la aina hiyo hiyo. Kuanzia hapo hakuwa tena kijana wa familia tajiri anayejaribu bahati yake, bali dereva ambaye kiwanda kinaweza kumkabidhi gari.

Siku 90 za mwaka 1972

Agosti 1972, Rais Idi Amin alitangaza kuwa Waasia waondoke Uganda katika muda wa siku 90. Makumi ya maelfu ya watu waliondoka. Maduka, viwanda, mashamba na nyumba zilibaki, na nyingi zikagawiwa watu wengine.

Mehta alihamia Kenya. Pasaka ya 1973, miezi michache tu baadaye, alishinda Safari Rally kwa Datsun 240Z, msoma ramani wake akiwa Lofty Drews. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa mbio za aina hiyo. Mehta na Msweden Harry Källström, naye wa Datsun, walilingana alama za adhabu. Ilibidi itumike kanuni ya kuvunja sare ili apatikane mshindi.

Dereva wa kiwanda

Ushindi wake wa miaka minne mfululizo ulipatikana kwa Datsun Violet ya Nissan, akiwa na msoma ramani Mike Doughty. Mwaka 1979 aliyemfuata alikuwa Hannu Mikkola wa Mercedes-Benz. Mwaka 1982 alimtangulia Walter Röhrl wa Opel, ambaye mwaka huo huo alitwaa ubingwa wa dunia.

Mehta alikimbia nje ya Afrika pia. Mwaka 1981 alishika nafasi ya pili Argentina, akamaliza msimu akiwa wa 5 katika ubingwa wa dunia wa madereva, na akawa bingwa wa Afrika. Mkewe, Yvonne, alikuwa msoma ramani wake katika baadhi ya mbio.

Hesabu ambayo msafirishaji anaielewa

Alama za Safari zilikuwa za adhabu. Kila dakika ya kuchelewa kufika kituo cha ukaguzi ilihesabiwa, na mwenye adhabu chache ndiye mshindi. Mercedes ya 1979 ilikuwa na injini ya silinda 8 yenye lita 5, wakati Violet ilikuwa na silinda 4 na lita 2. Kwenye barabara ndefu iliyonyooka Mercedes ilikuwa na nguvu zaidi. Lakini katika mbio za maelfu ya kilomita, kilichoamua ni gari kutovunjika, tairi na spea kuwa mahali panapotakiwa, na mafundi kumaliza kazi upesi. Gari lililokufa porini lilikuwa limepoteza kila kitu, hata kama liliongoza tangu asubuhi.

Mwaka 1987 Mehta aliumia vibaya katika mbio za Pharaohs nchini Misri, na ajali hiyo ikakatisha kazi yake ya udereva. Baadaye aliingia kwenye uongozi, akaongoza kamisheni ya rally ya shirikisho la kimataifa, FIA. Alifariki London Aprili 2006.

Upande wa Dzaleka

Kambi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa, ilifunguliwa mwaka 1994 kwenye eneo lililokuwa gereza. Ilipangwa kwa watu 10,000 hivi, na sasa ina zaidi ya 50,000, wengi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Machi 2023 serikali ya Malawi iliamuru wakimbizi wanaoishi nje warudi kambini. Mei mwaka huo polisi walianza operesheni Lilongwe, na maduka ya wakimbizi yakafungwa.

Waliorudi hawakuacha ujuzi wao mjini. Fundi bado ni fundi na dereva bado ni dereva. Lakini Malawi, iliporidhia mkataba wa wakimbizi wa 1951, iliweka masharti yake kuhusu ajira na uhuru wa kutembea. Hapo ndipo hali yao inapotofautiana na ya Mehta. Alipofika Kenya alikuwa tayari anajulikana na kiwanda, alikuwa na gari la kuendesha, na barabara zilikuwa wazi kwake. Mali iliyobaki Uganda haikumzuia kufanya kazi.

Kwa msafirishaji wa Lilongwe anayehitaji dereva au fundi kutoka kambini, swali la kwanza basi si kama mtu huyo anaijua kazi. Ni kama ana kibali cha kutoka na cha kufanya kazi, na kinaisha lini. Mzigo ukizuiwa njiani kwa sababu ya karatasi, dakika zinahesabiwa vile vile.