Nasaba, Saa na Mguu: Makadirio ya Farasi Wachanga katika Mbio Kuu za Nairobi, 1926

Utangulizi

Insha hii inachunguza namna farasi wachanga walivyokadiriwa kuwa washindani wa mbio kuu katika Nairobi ya kikoloni. Kisa kinachotumiwa ni mbio za St Leger za mwaka 1926, ambapo farasi jike aliyekuwa na kano zilizoharibika, Wise Child, alimshinda Wrack, farasi dume aliyetegemewa na wengi. Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa mkufunzi wake, Beryl Markham, dhidi ya waliomdharau kwa kuwa ni mwanamke. Usomaji huo una ukweli wake, lakini haujibu swali la msingi: waliomtegemea Wrack walikosea wapi?

Hoja ya insha hii ni kwamba makadirio ya farasi mchanga yalisimama juu ya vielelezo vinne: nasaba, umbile, muda wa kukimbia, na hali ya mnyama ya siku kwa siku. Vitatu vya kwanza vilionekana hadharani na vikathaminiwa. Cha nne, ambacho ndicho kilichopima uzito mwaka 1926, kilijulikana bandani tu, na baadhi ya waliokijua hawakupewa nafasi katika kumbukumbu za mashindano.

Kwa nini Nairobi na si Musoma

Msomaji wa Musoma, Bunda au Butiama ana haki ya kuuliza kwa nini historia ya farasi wa mashindano inamvusha mpaka. Jibu la kwanza ni maradhi. Sotoka ya miaka ya 1890 iliangamiza ng'ombe wengi katika Afrika Mashariki. Katika magharibi ya Serengeti watu na mifugo walipopungua, vichaka vilirudi, na pamoja navyo mbung'o. Nagana, ugonjwa uenezwao na mbung'o, humdhoofisha ng'ombe na humuua farasi upesi. Vita Kuu ya Kwanza ilithibitisha jambo hilo kwa gharama kubwa: mwaka 1916 vikosi vya wapanda farasi kutoka Afrika Kusini vilipoingia Tanganyika, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Wajerumani, vilipoteza maelfu ya wanyama kwa maradhi. Mzigo ukahamia mabegani mwa binadamu, yaani wapagazi wa vita, ambao kumbukumbu yao imebaki katika majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Uwanja wa zamani wa mbio za farasi wa Nairobi ulikuwa katika eneo hilohilo la Kariokor, kabla ya mashindano kuhamia uwanja wa Ngong mwaka 1954.

Jibu la pili ni ardhi. Njoro, Nakuru na Molo ziko juu, zina baridi na hazisumbuliwi sana na mbung'o. Lakini nyanda hizo zilitengwa kwa walowezi wa Kizungu. Kwa hiyo mbio za farasi hazikuwa mchezo tu. Zilikuwa taasisi ya watu waliomiliki mashamba, mabanda na vibarua. Mwafrika aliingia humo kama saisi, yaani mtunza farasi. Mpangilio huo ndio ulioamua ni nani angeandikwa kuwa mjuzi na nani angehesabiwa kuwa mkono wa kazi.

Vielelezo vitatu vya hadharani

Walowezi walileta kutoka Uingereza si farasi pekee, bali pia mfumo wa kuwahukumu. Mbio za St Leger zilianza mwaka 1776 na Derby ya Epsom mwaka 1780, zote kwa farasi wa miaka mitatu. Sharti la umri ndilo linalofanya makadirio kuwa magumu. Farasi wa miaka mitatu bado anakua. Aliyeongoza wenzake akiwa na miaka miwili huenda alikomaa mapema tu, na wenzake wakamfikia baadaye. Tena mbio ndefu hudai stahamala ambayo mbio fupi za utotoni hazikuipima. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na mkufunzi mwenye busara hakuhitaji kukumbushwa.

Nasaba ilikuwa kielelezo cha kwanza. Tangu daftari kuu la nasaba la Uingereza lilipoanza kuchapishwa mwaka 1791, kila farasi wa mashindano alitambulishwa kwa baba na mama. Kielelezo hiki hueleza kinachowezekana, si kilichopo. Mifano ya karibuni zaidi inatosha kuonyesha mipaka yake. Mwaka 1983, huko Kentucky, Sheikh Mohammed wa Dubai alimnunua Snaafi Dancer, mwana wa Northern Dancer, kwa dola milioni 10.2; farasi huyo hakushiriki mbio hata moja. Seattle Slew, aliyenunuliwa kwa dola 17,500 tu, alishinda mbio zote tatu kuu za Marekani mwaka 1977. Mnunuzi wa mwanafarasi hununua matarajio.

Kielelezo cha pili ni umbile: mteremko wa bega, kina cha kifua kinachobeba mapafu, nguvu ya sehemu ya nyuma inayosukuma, unyofu wa miguu ya mbele inayopokea kishindo. Cha tatu ni muda, unaopimwa kwa saa katika mazoezi na katika mbio zilizotangulia. Saa haidanganyi, lakini hujibu swali iliyoulizwa tu. Hueleza kasi ya asubuhi moja, juu ya udongo wa asubuhi hiyo, chini ya uzito wa mpandaji huyo. Haielezi gharama ambayo mguu umelipa.

Kielelezo cha nne: mguu wa Wise Child

Markham alizaliwa Uingereza mwaka 1902 na kukulia Njoro, katika shamba la baba yake, Charles Clutterbuck, aliyefuga na kufundisha farasi. Baba alipofilisika na kuhamia Peru, binti aliendelea na kazi hiyo peke yake akiwa bado kijana. Katika kitabu chake *West with the Night*, kilichochapishwa Marekani mwaka 1942, anasimulia kwamba alikuwa amemwandaa Wrack kwa ajili ya St Leger, hadi mmiliki alipomwondoa majuma machache kabla ya mbio na kumkabidhi mkufunzi mwingine. Ndipo alipopewa Wise Child, mali ya Eric Gooch. Farasi huyo alikuwa na damu nzuri na moyo wa kushindana, lakini kano za miguu yake zilikuwa zimeumizwa na mkufunzi wa awali aliyemkimbiza kupita kiasi kabla hajakomaa.

Hapa tofauti ya vielelezo inaonekana wazi. Kwa nasaba, umbile na muda, Wrack alikuwa chaguo la haki. Markham mwenyewe, aliyemjua kuliko wengi, hakumdharau. Kwa Wise Child, vielelezo hivyo vitatu havikutosha kusema lolote la uhakika. Swali lilikuwa moja: je, kano zitastahimili mbio nzima? Swali hilo halijibiwi na daftari la nasaba wala na saa, kwa kuwa kumkimbiza kwa kasi kamili ili kumpima kungeweza kuharibu kilichokuwa kikipimwa. Lilijibiwa kwa kiganja: kugusa mguu alfajiri kabla ya kazi na jioni baada yake, kuhisi joto au uvimbe, kutazama jinsi mnyama anavyoweka kwato anapotoka bandani, kujua kama amemaliza chakula chake. Uamuzi wa kuongeza au kupunguza mazoezi ulitokana na ushahidi huo.

Siku ya mbio, akiwa na Sonny Bumpus mgongoni, Wise Child aliongoza, akafuatwa kwa karibu na Wrack, na akashinda huku miguu ikiwa imefika mwisho wa uwezo wake. Waliokosea hawakukosea kuhusu Wrack. Walikosea kuhusu Wise Child, kwa sababu kielelezo pekee kilichomhusu kilikuwa bandani, nao walikuwa jukwaani.

Uhakiki wa chanzo

Simulizi hii inahitaji tahadhari. Iliandikwa miaka 16 baada ya tukio, na mtu ambaye wakati huo alikuwa amepata umaarufu kwa kuvuka Atlantiki kwa ndege mwaka 1936, kwa ajili ya wasomaji wa mbali waliotaka hadithi. Mjadala kuhusu mchango wa Raoul Schumacher, aliyekuja kuwa mume wake, katika uandishi wa kitabu haujafungwa. Kwa hiyo mazungumzo na hisia zilizomo humo zisichukuliwe kama hati.

Hata hivyo, kitabu hicho kina jambo ambalo orodha za mashindano hazina. Orodha hizo kwa desturi huandika farasi, wazazi wake, umri, uzito, mmiliki, mkufunzi na mpandaji. Safu ya saisi haimo. Kitabu, kwa upande wake, kinamtaja arap Ruta, mwenzake Markham tangu utotoni, na kumweka karibu na farasi katika mazoezi na matunzo. Hata humo anaonekana kwa macho ya mwajiri wake. Lakini kuwepo kwake kunatuonyesha mahali ambapo maarifa ya kielelezo cha nne yalikaa: kwa watu waliolala karibu na mabanda, na ambao mikono yao iligusa miguu hiyo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Hitimisho

Matokeo ya 1926 hayathibitishi kwamba nasaba, umbile na saa havina thamani. Yanathibitisha kwamba vielelezo hivyo hupanga farasi wengi kwa wastani, ilhali mbio hushindwa au kupotezwa na mnyama mmoja, siku moja, kwa mguu mmoja. Pia yanaonyesha kwamba historia inayotegemea orodha za washindi hurithi upofu wa jukwaa: huona kasi, haioni matunzo. Funzo hili linatuhusu hata sisi wa upande huu wa ziwa, ambako farasi hakustawi. Mtafiti anayeandika historia ya mifugo ya Mara kwa kutumia ripoti za maofisa pekee atapata idadi, bei na maradhi. Maarifa ya mtu aliyemtazama ndama akisimama kwa mara ya kwanza na kuamua kama atunzwe au auzwe hayatakuwa katika safu yoyote, na yatapaswa kutafutwa kwa wenyewe wakiwa bado hai.